Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mawasiliano kuhusu Usalama wa Intaneti ya Vitu

Mheshimiwa Waziri,

Kamera za ulinzi, mita za umeme, ruta na saa za kupima mapigo ya moyo zimekwisha kuingia majumbani na hospitalini, na kila kimoja cha vifaa hivi, viitwavyo kwa pamoja Intaneti ya Vitu, ni kompyuta ndogo inayozungumza na mtandao usiku na mchana. Sera zinazovihusu husifu uwekezaji na ubunifu. Nakuomba uanze na jambo linalosemwa kidogo mno: ni kwa muda gani mtengenezaji atawajibika kuziba mianya ya usalama ya kifaa alichokwisha kukiuza?

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani, na mwezi Oktoba vifaa vilivyotekwa vikatumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikizielekeza kompyuta za watumiaji hadi kwenye anwani za tovuti, hata tovuti kubwa za Marekani na Ulaya zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo walikuwa wamenunua kifaa, wakakichomeka, kikafanya kazi. Mnunuzi hana jicho la kuona udhaifu uliomo ndani, kwa hiyo si haki kumtwisha mzigo huu kwa jina la elimu kwa umma, ingawa elimu hiyo nayo ina faida yake.

Tangu tarehe 29 Aprili 2024, Uingereza imepiga marufuku vifaa vya watumiaji vyenye nywila moja ya kiwandani kwa wote, na inamlazimu mtengenezaji kutangaza muda wa chini wa masasisho ya usalama. Hatua hiyo ni njema lakini haitoshi, kwa kuwa anayelazimishwa kutangaza muda anaweza kutangaza mfupi. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya mwaka 2024, umetaka angalau miaka 5, isipokuwa kwa kifaa kinachotarajiwa kutumika kwa muda mfupi zaidi. Hata hiyo ni michache kwa mita inayofungwa ukutani ikategemewa kwa miaka mingi. Muda wa ulinzi ulingane na umri wa kifaa chenyewe.

Kutunga sheria huchukua muda, lakini Serikali nayo ni mnunuzi mkubwa wa mita, kamera na vihisi. Sharti hili liingizwe sasa katika zabuni zake, na muda wa masasisho ulioahidiwa katika kila mkataba utangazwe hadharani, ili wananchi wanaofungiwa vifaa hivyo waujue.