Kozi za sayansi ya data zitumie data zetu

Mhariri,

Naomba nafasi niwaguse wanaotangaza kozi za sayansi ya data. Mimi ni afisa ugani niliyerudi darasani ukubwani ili nifanye kazi za akili unde, na sijutii. Lakini kwa nini mwanafunzi wa Morogoro afundishwe kwa orodha ya abiria wa Titanic, meli iliyozama 1912, na vipimo vya maua vilivyochapishwa 1936? Data hizo zimeshachambuliwa na dunia nzima.

Za kwetu ni kasheshe. Fungua jedwali la mavuno: safu moja ina kilo, debe na gunia (na gunia lenyewe, ni lumbesa au la kawaida?), kijiji kimoja kina tahajia tatu. Kazi iko hapo, na hapo aliyewahi kusimama shambani anamzidi kijana mwenye Python tupu, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Programu ya Nuru, inayotambua magonjwa ya muhogo kwa kamera ya simu hata pasipo intaneti, ilihitaji watu wa kuangalia picha za majani na kusema hili ni batobato, lile ni michirizi ya kahawia.

Basi vyuo viache kuwaambia wahasibu, wauguzi na walimu wasahau walikotoka. Viwape takwimu za sensa ya 2022, za mvua, za bei za mazao, wahangaike nazo. Na ada ilipwe kwa awamu jamani; wengi wetu tunasomesha.

Msomaji wako,
Morogoro