Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Uhandisi Kemikali kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wahadhiri wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu pamoja na majukumu mazito uliyonayo. Umefika saa tatu kamili kama kadi ilivyosema. Tumelipokea hilo kama dalili njema.

Klabu yetu ilianza mwaka 2014 na wanafunzi 9 chini ya mwembe ulio nyuma ya bwalo. Leo tuna wanachama 63. Mafanikio yetu ni makubwa: tumeshiriki maonesho ya Sabasaba mara mbili, tumepaka rangi chumba cha mazoezi kwa michango yetu, na tumeunda lahajedwali linalotumia mlinganyo wa Peng na Robinson wa mwaka 1976, unaohusisha kanieneo, ujazo na jotoridi la gesi na vimiminika, ule ule wanaoutumia wahandisi wa gesi na mafuta duniani kote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utuwie radhi tueleze kidogo tunachosoma, maana bila hivyo ombi letu halitaeleweka. Chukua mtungi wa gesi ya kupikia, wenye propani na butani, nusu kwa nusu kwa idadi ya molekuli. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, mvuke wa propani peke yake una kanieneo ya kilopaskali 840 hivi, na wa butani 210 hivi. Kwa kanuni ya Raoult, isemayo kila kitu huchangia kanieneo kwa kadiri ya sehemu yake katika kimiminika, propani inachangia 420 na butani 105, jumla 525. Kwa hiyo kimiminika kina propani asilimia 50, lakini mvuke ulio juu yake una asilimia 80. Pengo hilo ndilo riziki ya mhandisi. Ukiupoza mvuke huo, ukauchemsha tena, ukarudia, propani inazidi kujitenga. Mnara wa kukenekea mafuta hufanya kazi hiyo sahani juu ya sahani. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuletwa Dar es Salaam mwaka 2004, huondolewa maji na vimiminika kabla ya kusafirishwa bombani, na hesabu za kujua kipi kitabaki gesi na kipi kitadondoka ni hizi hizi.

Sasa tunafika penye shida yetu. Michanganyiko mingi haiitii kanuni ya Raoult sawasawa. Katika mlinganyo ule wa Peng na Robinson kila jozi ya vitu ina namba yake ya mwingiliano, yaani ya jinsi molekuli zake zinavyoathiriana, na namba hiyo haipatikani kwa kalamu, bali kwa kupima. Sisi tunaichukua kwenye majedwali ya watu waliopima wenyewe. Tunakisia jotoridi, tunakokotoa, jumla ya sehemu za vitu katika mvuke inakataa kufika moja, tunakisia tena mpaka usiku, na jibu likipatikana hatuna pa kulihakiki. Mwanafunzi anamaliza miaka minne hajawahi kuchota tone la mvuke uliopozwa akalilinganisha na kimiminika ulikotoka.

Tunaomba chombo kimoja cha kioo cha kupimia msawazo wa mvuke na kimiminika, yaani hali ya viwili hivyo kukaa pamoja bila kimoja kuzidi kugeuka kingine: chungu cha kuchemshia, kipoza mvuke, matundu mawili ya kuchotea sampuli, themometa, na refraktomita, kifaa kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya kimiminika, ya kuzisoma sampuli hizo. Tutaanza na heksani, inayochemka kwenye nyuzi 69, na heptani, inayochemka kwenye 98.

Ombi hili si geni. Lilisomwa mwaka 2019, na mgeni rasmi wa siku hiyo akaahidi chombo ndani ya miezi sita. Tulishangilia mpaka tukakatisha hotuba. Kwa kuiamini ahadi ile tulijenga meza ya zege, tukavuta umeme na bomba la maji ya kupozea. Mwaka 2022 mgeni mwingine alitueleza kuwa mchakato uko hatua za mwisho. Meza bado ipo. Koki yake tumeifunga kwa kitambaa isidondoshe maji, na juu yake wanafunzi huweka mabegi. Kaka yetu mmoja aliyekoroga zege lile amekwisha kuhitimu, ameajiriwa hapa kama mkufunzi msaidizi, na sasa anafundisha msawazo kwa chaki akiwa amesimama pembeni ya meza hiyo hiyo. Hatumlaumu mtu. Ila ahadi zote mbili zimo katika daftari la kumbukumbu za klabu, na kila mwaka wadogo zetu wanaojiunga hulisoma.

Kwa heshima zote, Mheshimiwa, leo hatukuombi ahadi ya jukwaani. Tunakuomba, kabla ya chakula, utembee nasi mpaka chumba cha mazoezi uione meza, kisha umwachie Mkuu wa Idara jina la mtu mmoja wa ofisini kwako tutakayemfuatilia, na tarehe ya kumfuata. Ankara kifani tatu tumeziambatanisha. Ufunguo wa chumba anao katibu wetu, yule aliyesimama mlangoni.

Tunaomba kuwasilisha.