Tuonyesheni tena filamu ya Neria

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa burudani uliwaalika wasomaji wataje filamu wanazozipenda na waeleze kwa nini. Nimesoma majibu yote, na mengine yamenifurahisha sana, hasa la yule baba aliyekuwa akitoroka shule kwenda kumwangalia Bruce Lee. Lakini nimefika mwisho wa ukurasa sijaona hata mtu mmoja aliyeitaja Neria. Sisi tuliokulia Kagera miaka ya 90 tumeisahau vipi filamu hii?

Kwa vijana ambao hawajaiona, Neria ni filamu ya Zimbabwe ya mwanzoni mwa miaka ya 90, iliyoongozwa na Godwin Mawuru kutokana na hadithi ya Tsitsi Dangarembga. Jesesi Mungoshi ndiye Neria, mama wa watoto wawili anayeishi Harare na mumewe Patrick. Wamejenga maisha yao pamoja, kwa jasho la wote wawili. Siku moja Patrick anagongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, anafariki. Hapo anaingia Phineas, ndugu wa marehemu. Anachukua gari, anachukua kitabu cha benki, anaitaka nyumba, na baadaye anawachukua hata watoto, na kila anachokichukua anasema ni mila. Mwanamuziki Oliver Mtukudzi ameigiza kama kaka yake Neria, na muziki wa filamu ni wake.

Mimi niliiona nikiwa mtoto wa shule ya msingi, katika ukumbi wa parokia yetu huku Muleba, na nataka nieleze ilivyokuwa, kwa sababu bila filamu ile sidhani kama leo ningekuwa mwalimu.

Baba alifariki mwaka 1993. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi hapa nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na miaka kumi baadaye ulikuwa huwezi kutembea kitongoji kizima usikute nyumba ya mjane. Matanga yalipokwisha, baba mdogo alikuja kwetu na maneno matamu. Alisema amekuja kutusimamia. Alianza na ufunguo wa stoo ya kahawa. Kwa msomaji asiyejua mambo ya kwetu, kahawa ya maganda ikishakauka huwekwa kwenye magunia ikisubiri chama cha msingi cha ushirika kifungue msimu, kwa hiyo mwenye ufunguo wa stoo ndiye mwenye ada, sabuni, daftari na mafuta ya taa. Baada ya ufunguo ikaondoka baiskeli ya baba. Kisha redio. Msimu uliofuata akaanza kuuza kahawa yetu kwa butura, yaani ingali maua mtini, kwa mtu aliyempa fedha kidogo mkononi. Sisi watoto tukawa tunachuma na kuanika kahawa ambayo tayari ni ya mtu mwingine.

Mama alikaa kimya. Alikuwa ameambiwa na wakubwa wa ukoo kwamba mjane hana kauli juu ya kibanja cha ukoo, naye aliamini. Wala hawakuitunga habari hiyo. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 lilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Fikiria hapo, Mhariri. Mtoto mkubwa kwetu alikuwa kaka yangu, yuko darasa la sita.

Filamu ililetwa mwaka 1995, mwaka mmoja kabla ya MV Bukoba kuzama. Ilikuwa televisheni moja juu ya meza ya altare ya zamani, deki ya video, na jenereta lililowekwa mbali nyuma ya migomba ili mlio wake usizidi maneno. Kaseti ilikuwa nakala ya nakala. Picha ilikuwa ikitambaa mistari, na mara kwa mara nyuso zikawa za kijani. Waigizaji wanazungumza Kiingereza, kwa hiyo mwalimu mmoja wa sekondari alisimama pembeni na fimbo yake ya ubaoni akitutafsiria kwa Kihaya. Na hakutafsiri tu. Alimpa kila mtu nasaba, akatueleza nani ni shemeji wa nani na nani amekaa wapi kwenye msiba, na kila palipohitaji ufafanuzi aliuongeza wake. Ndani ya robo saa watu walikuwa hawaoni tena Harare. Waliona Muleba.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba Phineas haji na panga. Anakuja kama mfariji. Kila mwanamke ukumbini alikuwa anamjua Phineas wake, na wengine walianza kumtaja kwa jina lake halisi, kwa sauti, tena huku wake wa hao akina Phineas wakiwa wamekaa humo humo.

Bibi yangu mzaa baba alikaa benchi la mbele kwa sababu ya macho. Yeye hakuwa anamfuata Neria. Alikuwa anamfuata yule mama mtu mzima, mama mzazi wa marehemu, mama mkwe wa Neria. Kila akitokea, bibi anasogea mbele kidogo. Ikafika mahali hakuweza tena kujizuia, akasema ukumbi wote ukamsikia: "Huyu mama anaona yote haya. Anangoja nini kusema?"

Mwalimu aliacha kutafsiri. Hakuna aliyecheka wala kumnyamazisha. Nilimgeukia mama, aliyekuwa benchi la tatu na mdogo wangu amelala mapajani mwake, nikamwona ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la kitenge. Bibi hakugeuka nyuma.

Tulirudi nyumbani usiku ule kwa tochi moja na hakuna aliyezungumza njiani. Lakini kikao cha ukoo kilipokaa baadaye, kwa jambo jingine kabisa, bibi aliomba nafasi. Niliyoyasikia nimesimama nyuma ya dirisha sijayasahau. Alisema yeye ndiye aliyewazaa wanaume wawili; mmoja yuko kaburini, na mwingine anakula kahawa ya watoto wa mwenzake, na yeye hatakufa akiwa ameliona hilo akalinyamazia. Akataka iandikwe kwenye muhtasari kwamba msimamizi wa mirathi awe mkwe wake. Alitia dole gumba lake kwanza, kabla ya mtu yeyote.

Mama aliupeleka muhtasari ule Mahakama ya Mwanzo. Baba mdogo aliweka pingamizi, na shauri likavutwa kweli kweli. Yule mwalimu mtafsiri ndiye aliyekuwa akimwandikia mama barua, na ndiye aliyetueleza kwamba mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza aliamua, katika kesi iliyotoka huku huku kwetu Uhayani, kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi sawa na mwanamume, kwa sababu Katiba inakataza ubaguzi. Hukumu ile ilikuwa na miaka mitano tayari na hapakuwa na mtu kijijini aliyeisikia. Ilibidi ije filamu kutoka Zimbabwe ndipo tujue kuuliza mambo yaliyoamuliwa Mwanza, ng'ambo ya ziwa tu.

Mama alishinda usimamizi. Baiskeli na redio havikurudi, na kipande cha chini karibu na bonde kilibaki kwa baba mdogo, kwa kuwa bibi alisema naye ni mtoto wake. Ufunguo wa stoo ulirudi. Kahawa ile ndiyo iliyonisomesha sekondari na chuo cha ualimu.

Nikiwa chuoni nilikutana na filamu ya pili ninayoipenda, nayo ni ya zamani kuliko hata mama yangu: Mother India ya mwaka 1957, ya Mehboob Khan. Nadhani wasomaji wenu wa Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam wanaijua vizuri kuliko mimi. Mwenzangu wa bwenini, mtu wa Tanga, alikuwa ameirithi kwa nyanya yake na alikuwa na nyimbo zake zote kichwani. Mimi ilinishika kwa sababu moja. Mama mkwe wa Radha, yule mama ambaye filamu inamhusu, amekopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopesha fedha wa kijiji, ili kufanya harusi, na tangu hapo familia inatoa robo tatu ya mazao yake kulipa riba tu. Hakuna anayejua kusoma daftari la Sukhilala. Niliposikia hivyo nikasema kwa sauti, hii ni butura! Wenzangu hawakuelewa nasema nini, ikabidi tusimamishe sidii niwaeleze kahawa inavyouzwa ikiwa maua. Nargis, aliyeigiza kama Radha, anavuta jembe mwenyewe shambani pamoja na watoto wake, uso umejaa tope. Mpaka leo nikifundisha darasa la nne kujumlisha na kutoa kwa shilingi na senti, namfikiria Birju, mtoto wa Radha, ambaye hasira yake yote inaanza kwenye daftari asiloweza kulisoma.

Sizidharau filamu za ngumi na bunduki. Kaka yangu ana Sholay yake, zaidi ya saa tatu, na akifika pale shujaa Jai anapokufa ni lazima atoke nje avute hewa. Kila mtu na yake. Lakini filamu mlizozitaja katika ukurasa wenu ni zile zilizotuburudisha, na ni haki yake. Naomba patengwe nafasi pia ya filamu zilizowahi kubadilisha kitu ndani ya nyumba ya mtu.

Januari 23, 2019, Mtukudzi alipofariki, redio zilipiga wimbo wake wa Neria jioni nzima. Nilikuwa likizo nyumbani. Mama alikuwa anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu, akaniambia niongeze sauti. Hajui neno hata moja la Kishona. Nikamweleza kwamba wimbo unamwambia Neria asivunjike moyo, Mungu yuko naye. Akanijibu, "Hilo nilishalielewa siku ile ile ukumbini," akaendelea kumenya.

Mhariri, wapo watakaosema mambo hayo yamepita, sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa ya kumiliki, kwa hiyo Neria ni historia. Mimi nafundisha watoto wa wajane hawa. Najua ni nani katika darasa langu ameacha kuja kwa sababu amehamishiwa kwa baba mkubwa, na mama yake amerudishwa kwao na sanduku moja. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba nchi yetu ilivunja haki za wajane wawili wa Kitanzania waliofukuzwa na wakwe kwenye nyumba zao baada ya waume zao kufa. Vipeperushi vya mirathi ninaviona vimebandikwa ofisi ya kata, vimeandikwa kwa herufi ndogo na lugha ya mahakamani. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kushika kalamu, asingepata kitu hapo. Lakini filamu aliielewa, akaijibu, akaenda kuitumia.

Ombi langu la kwanza ni kwa vituo vya televisheni. Mnaonyesha tamthilia za Uturuki, za Ufilipino na za Korea zilizoingizwa sauti za Kiswahili, tena kwa ustadi mkubwa. Waombeni wenye haki za filamu hii huko Harare, muifanyie Neria vivyo hivyo.

La pili ni kwa wale wanaotafsiri filamu kwa sauti zao, wanaofuata njia aliyoipasua Lufufu. Huku vijijini sauti zenu zinajulikana kuliko za wabunge. Mnaweza kufanya alichokifanya mwalimu wetu pembeni ya ile televisheni: kumpa kila mhusika nasaba, na pale Neria anapotafuta msaada wa sheria, mkaongeza kwa maneno yenu kwamba hapa kwetu mtu anaanzia kikao cha ukoo, anachukua muhtasari na cheti cha kifo, anakwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, na kwamba mjane mwenyewe anaweza kuwa msimamizi. Ni dakika moja tu ya maneno.

Na kama kituo kitakubali kuionyesha, naomba iwekwe usiku baada ya taarifa ya habari, siku isiyo na mpira. Saa nane mchana akina mama wako shambani.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Muleba, Kagera