Benki ziache kuweka viungo katika baruapepe

Mhariri,

Benki zetu hazichoki kutuonya tusibonyeze viungo vya matapeli, na onyo hilo ni la haki. Hata hivyo, benki hizo hizo hututumia baruapepe zenye viungo, mara ni vya taarifa ya akaunti, mara ni vya mkopo. Mteja atajuaje ipi ni ya kweli?

Ushauri wa zamani wa kutafuta makosa ya tahajia hautoshi tena, kwani walaghai sasa huandika kwa ufasaha na kunakili nembo ya benki jinsi ilivyo. Majuzi jirani yangu hapa Buruburu, mama anayeuza nguo Gikomba, alinionyesha baruapepe iliyodai kwamba akaunti yake ingefungwa baada ya saa 24 asipothibitisha nambari yake ya siri. Jina la mtumaji lilikuwa la benki yake, bila kasoro. Tulipoligusa ndipo anwani yenyewe ilipojitokeza: ilianza kwa jina la benki na .co.ke, kisha ikaendelea hadi jina jingine tusilolijua, lililoishia kwa .com. Mwenye anwani ni huyo wa mwishoni, si wa mwanzoni. Wala alama ya kufuli kwenye kivinjari haithibitishi kwamba tovuti ni ya benki, kwa kuwa hata tapeli hulipata kufuli hilo bila malipo.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 iliuharamisha ulaghai huu na kuuwekea faini ya hadi Sh300,000, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Hilo ni jema, lakini adhabu humfikia aliyekamatwa pekee, na mama huyu angekuwa amekwisha kupoteza mtaji wake.

Kwa hivyo ninaiomba Benki Kuu ya Kenya izielekeze benki zote ziache kabisa kuweka viungo katika baruapepe za wateja. Benki ikiwa na jambo, imwambie mteja afungue mwenyewe programu ya benki kwenye simu yake, au apige nambari iliyoandikwa nyuma ya kadi. Kila mteja akijua kwamba benki yake haitumi kiungo kamwe, hatalazimika kuchunguza herufi za anwani akiwa sokoni, wateja wakimsubiri.

Mkazi wa Buruburu,
Nairobi