Mdogo wangu ameniita mpumbavu madhabahuni, anasema ni sifa

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa na nusu usiku. Sijapata usingizi, na kitambaa bado kipo mezani hakijakatwa.

Mdogo wangu amesimama madhabahuni akaniita mpumbavu. Mbele ya watu, mbele ya mama. Usiniambie labda sikusikia vizuri, nilikuwa benchi la pili.

Yuko mwaka wa mwisho chuo cha theolojia, siku hiyo alipewa kuhubiri. Somo lilikuwa Wakorintho wa Kwanza, sura ya kwanza. Alieleza vizuri, sikatai. Korintho mji wa bandari mbili, Wayunani wanaotafuta hekima, halafu aje mtu awaambie Mwokozi ni yule aliyetundikwa msalabani kama mtumwa. Kwao hiyo ni moria, neno la Kigiriki, upuzi mtupu. Kisha akanyoosha mkono: "Mkitaka kuiona moria, mtazameni dada yangu. Aliuza cherehani, akauza kiwanja, ili mimi nisome. Huo ndio upumbavu wa Mungu." Watu wakacheka. Sasa nikipita sokoni wauza nyanya wananiita Dada Moria.

Mimi si mtu wa kununa. Nimemlipia ada miaka yote hiyo bila kumkumbusha, na hata sasa simkumbushi, nakueleza tu wewe.

Usiku ule alinifuata na Agano lake la Kigiriki, limejaa penseli pembeni. Akaniambia neno ni la shina moja na pale Paulo anaposema upumbavu wa Mungu una hekima zaidi ya wanadamu. Akanionyesha hata ile chumvi ya Mathayo 5:13 inayoharibika, kwamba kwa Kigiriki ni kama kusema chumvi imepumbaa. "Dada, ni sifa hiyo."

Nikamwambia ashuke mpaka mstari wa 22 wa sura hiyohiyo. Biblia ya mama, ile tafsiri ya Union, inasema "mtu akimwapiza" ndugu yake. Yangu inasema akimwita pumbavu, na mwisho wake ni jehanamu. Kigiriki kinasemaje? Akanyamaza. Neno ni lilelile. Akakimbilia kusema hata Yesu aliwaambia hivyo waandishi na Mafarisayo, sura ya 23. Kwa hiyo mimi nimekuwa Mfarisayo?

Shangazi, nimeisoma barua ile ya Wakorintho mwenyewe mpaka sura ya nne. "Sisi tu wapumbavu kwa ajili ya Kristo." Sisi! Paulo alianza na nafsi yake. Hakumnyooshea mkono dada yake kanisani watu wacheke.

Na si mara ya kwanza kuambiwa hivyo. Yule aliyenichumbia, nilipouza kiwanja, alisema mwanamke anayesomesha kaka badala ya kujijengea ni mpumbavu. Akaja kuchukua mahari yake. Yeye hakuwa na Kigiriki. Nilimjibu haelewi, na siku ile nilikuwa na hakika kabisa. Sikulia hata. Nimelia Jumapili hii, niliposikia neno lile kutoka kwa yule niliyeitiwa hivyo kwa ajili yake.

Sasa anabarikiwa kuwa mchungaji Jumapili ijayo na ameniletea kitambaa cha joho. Nishone mimi, kwa cherehani ya kuazima, maana yangu nimeshakwambia ilikokwenda. Mama anasema nishone yaishe. Ninachotaka ni aniombe radhi palepale aliponivunjia heshima. Lakini akilitaja tena neno hilo watacheka tena, basi bora asilitaje. Au alieleze sawasawa, atulie, wamwelewe. Sijui. Nampenda, huyu nimembeba mgongoni.

Nimeshika chaki mara mbili. Mabega nimeyapima kwa shati lake la zamani la shule, amepanuka, nimeongeza vidole vitatu kila upande.

Mimi nilikuwa mpumbavu, Shangazi? Sisemi ule wa Kigiriki, nasema huu wetu. Nijibu kabla ya Alhamisi, nikishaweka mkasi kitambaa hakirudi.