Yah: Mashine zenu za kupandia, na kipeperushi kinachowasingizia wakulima

Maswa, Simiyu
12 Januari

Ndugu Meneja wa Mauzo,

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima 14 waliochanga fedha wakanunua kwenu mashine mbili za kupandia zinazokokotwa na ng'ombe, kwenye maonesho ya Nane Nane yaliyopita. Kabla ya kustaafu nilifundisha Kilimo na Historia sekondari. Mashine hazipandi. Nilipopiga simu kueleza hivyo, kijana wenu wa mauzo alinijibu: "Mzee, nyie ndio wale wale wa jembe la chuma."

Nilijua anazungumzia nini, maana kipeperushi chenu ninacho. Mmeandika kwamba katika karne ya 19 wakulima wa Marekani walilikataa jembe la chuma, yaani plau ya kukokotwa na wanyama, wakidai linatia udongo sumu, wakabaki maskini, na mkamalizia kwa kumwambia msomaji asiwe kama wao.

Nianze na shamba. Pale kiwanjani mlitufanyia onesho kwenye tuta la mchanga mkavu uliolainishwa, mkatumia mahindi ya mbegu ya dukani, punje kubwa zinazolingana. Zilidondoka moja moja kwa nafasi sawa na sote tukapendezwa. Lakini udongo wetu ni mbuga, yaani mfinyanzi mweusi. Luseni, ule wa kichanga, tunao kidogo tu upande wa juu. Mbuga ikikauka inapasuka nyufa za kumeza mguu, ikilowa inang'ang'ania kila kinachoigusa. Tulifunga maksai alfajiri, siku mbili baada ya mvua kubwa ya Novemba, na hatukufika hatua thelathini. Kile chuma kinachopasua mfereji kilikuwa donge la tope la ukubwa wa kichwa cha mtoto, bomba la kushushia mbegu limeziba, na gurudumu linalotakiwa kuzungusha kisahani cha mbegu linaburuzwa tu bila kuzunguka. Mwanangu akakwangua tope kwa kipande cha fito. Tukaenda hatua nyingine ishirini, akakwangua tena.

Tulipohamia kwenye luseni, tope halikutusumbua, ila mbegu ilitushinda. Mbegu ya pamba tuliyopewa msimu huu ina manyoya. Ndani ya kisanduku zilishikana kama sufi, zikatanda juu ya matundu ya kisahani, na chini hakikudondoka kitu. Sisi tulikuwa nyuma ya ng'ombe tukidhani tunapanda. Baada ya siku nane iliota mistari miwili yenye mapengo, kwingine kote kimya. Tumerudia kwa jembe la mkono, wakati mvua za kwanza zimeshatupita.

Sasa kuhusu hiyo historia yenu. Ni kweli hadithi ya sumu inasimuliwa sana, na inahusishwa na Charles Newbold wa New Jersey, aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya jembe la chuma cha kusubu mwaka 1797. Msichokisema ni kwamba jembe lake lilimiminwa kwenye kalibu likatoka kipande kimoja. Ncha ikilika au ikivunjika kwenye jiwe, umepoteza jembe zima. Mkulima aliyepiga hesabu hiyo akaliacha, mnamwita mjinga kwa lipi? Jethro Wood wa New York alipopata hataza mwaka 1819 kwa jembe la chuma lenye vipande vinavyobadilishwa kimoja kimoja, wakulima wale wale walilinunua. Uingereza, Robert Ransome wa Ipswich alikuwa ameshaiona njia hiyo. Mwaka 1803 alipata hataza ya ncha ambayo upande wake wa chini ulipozwa ghafla ukawa mgumu kuliko wa juu, kwa hiyo kadiri ilivyolima ndivyo ilivyojinoa. Mwaka 1808 akaongeza jembe ambalo mkulima angeweza kufungua kipande kilichochakaa na kufunga kipya akiwa shambani kwake. Mimi nimetafuta kisahani cha ziada cha mashine yenu Maswa, Bariadi na Shinyanga, sikukipata.

Na habari ya tope ndiyo inayonichoma zaidi, kwa sababu karne ya 19 ilikwisha kulijibu swali hili. Walowezi waliofika Illinois, Marekani, walikuta udongo mweusi wenye kunata, na majembe waliyotoka nayo mashariki, kwenye udongo mwepesi, yakawashinda. Iliwabidi wasimamishe wanyama kila baada ya hatua chache wakwangue bamba kwa kijiti. Nilifundisha jambo hilo miaka mingi, na Novemba nimelitazama kwa mwanangu. Mwaka 1837, katika kijiji cha Grand Detour, mhunzi John Deere alichukua msumeno uliovunjika wa kiwanda cha mbao, akaufanya bamba la jembe. Ulikuwa chuma cha pua kilichosuguliwa hadi kung'aa, na tope likawa linateleza lenyewe. Hakuwatangazia majirani kwamba wako nyuma ya wakati. Alitazama kilichokuwa kinawasimamisha shambani, akakiondoa. Mwaka 1839 alitengeneza majembe 10 tu, na biashara ikakua kutokea hapo.

Mashine za kupandia nazo zina historia yake, wala si ya wakulima wagumu wa kuelewa. Jethro Tull alibuni ya kwake Oxfordshire, Uingereza, mwaka 1701 hivi, na zaidi ya miaka mia ikapita kabla mashine za namna hiyo hazijaenea huko. Zilikuwa ghali, zilikuwa na vipuri vingi vya kuharibika, na vibarua wa kupanda kwa mkono walikuwa rahisi kupatikana. Kilichosaidia ni watu kama James Smyth wa Peasenhall, Suffolk, aliyeanza kazi karibu na mwaka 1800. Mashine yake iliweza kurekebishwa nafasi kati ya mistari kulingana na zao. Tena walitumwa mafundi wakazunguka na mashine hizo wilaya hadi wilaya, wakiwapandia wakulima kwa malipo ya eka. Mkulima aliona mbegu ikiota kwenye udongo wake kabla hajafikiria kununua.

Maonesho pia hawakuyafanya kama yenu. Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1838, kikafanya maonesho ya kwanza Oxford mwaka 1839, kisha yakahamia mji mwingine kila mwaka. Majembe yaliingizwa shambani, yakafungwa kifaa cha kupimia nguvu anayotumia mnyama kuyavuta. Philip Pusey, mbunge aliyekuwa pia mkulima, aliandika kuhusu vipimo vya aina hiyo mwaka 1840. Na mashine ya kuvunia ya Mmarekani Cyrus McCormick ilipopelekwa London kwenye maonesho makubwa ya mwaka 1851, ilitolewa ikajaribiwa shambani Tiptree, Essex, siku ya mvua, kwenye ngano mbichi iliyolowa. McCormick huyo alitoa dhamana ya maandishi, na mnunuzi alilipa sehemu kwanza, salio baadaye. Sisi mlitudai taslimu yote, mwenzetu mmoja akauza maksai wake, na risiti yenu imeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo tunaomba mmtume fundi, si mtu wa mauzo, aje aione mashine ikifanya kazi kwenye mbuga iliyolowa. Aje na visahani vya choroko na mtama, na chuma cha mfereji kinachofaa udongo unaonata, kama mnacho. Kama hamnacho, tunataka fedha ya mashine moja irudishwe ili tumnunulie mwenzetu maksai mwingine. Ile ya pili tutabaki nayo kwa ajili ya luseni. Mtueleze pia kwa maandishi kwamba haifai kwa mbegu ya pamba yenye manyoya, na mnunuzi yeyote wa Kanda ya Ziwa aambiwe hivyo kabla hajatoa fedha.

Hayo maneno ya kipeperushi yafuteni. Wanakikundi wetu tisa ni akina mama waliosikia jibu la kijana wenu kwenye spika ya simu. Wanatarajia aombe radhi kwa njia hiyo hiyo, nao wakiwa wamekaa wanamsikiliza.

Choroko tunapanda Machi. Fundi akifika kabla ya hapo atatukuta na maksai wawili na mashine zote mbili. Njia ya kwenda shambani haipitiki kwa gari mvua ikinyesha, kwa hiyo avae buti.

Katibu wa kikundi,
kwa niaba ya wanachama 14