Hamisi, hesabu kura kwanza

Dar es Salaam

Kwako swahiba Hamisi,

Salaam nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa wote mlio huko Columbus, Ohio. Hapa nyumbani sote wazima, joto tu ndilo linatusumbua. Barua yako imefika na swali lako nimelielewa: kamati yenu ya mtaani inataka riba ya kadi za mkopo isizidi asilimia 10, na mmegawanyika. Wengine wanasema mwende kwa mrengo wa kushoto peke yake, wengine wanataka mbishe hodi hata kwa wahafidhina wanaojinadi kuwa watetezi wa mnyonge dhidi ya wakubwa wa Washington.

Bisheni hodi kote, tena mapema. Wenyewe wameshatangulia: Februari 2025 Bernie Sanders wa kushoto na mhafidhina Josh Hawley waliuwasilisha muswada huo huo katika Seneti, asilimia 10 kwa miaka 5, na mwezi uliofuata Alexandria Ocasio-Cortez wa kushoto na mhafidhina Anna Paulina Luna wakauleta katika Baraza la Wawakilishi. Trump naye aliahidi jambo hilo kwenye kampeni ya 2024. Kwa hiyo mnaweza kuacha kubishana kama watu hawa wanaweza kukaa meza moja. Mwulizane muswada unapita mlango gani, maana humo ndimo miungano hii inamofia.

Kabla ya mlango, mjue mnamwendea nani. Watu wa kushoto hupenda kuwatia wahafidhina wote kapu moja, kumbe wamo wa namna mbili. Kuna wanaoichukia serikali: vita ambavyo Bunge halikuviidhinisha, udukuzi wa simu, siri za ikulu. Thomas Massie wa Kentucky ni mmoja wao, na Mike Lee wa Utah yuko karibu nao. Halafu kuna wanaoyachukia makampuni makubwa, au angalau wanasema hivyo jukwaani: Hawley, na J.D. Vance alipokuwa seneta wenu. Wa kwanza mkimpelekea suala la riba atawaambia serikali isipange bei ya mkopo, na hapo hana unafiki, ndiyo imani yake. Wa pili mkimpelekea suala la vita huenda akawapa kisogo. Mkiyachanganya mawili kwenye barua moja mtawapoteza wote.

Wale wa namna ya kwanza ndio walioleta matunda zaidi, na sababu ni kanuni za Bunge kuliko mapenzi. Tazama Julai 2013, wiki chache baada ya Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi ya ujasusi, kuvujisha siri za serikali. Justin Amash, mhafidhina wa Michigan, na John Conyers, mkongwe wa kushoto wa jimbo hilo hilo, walipachika hoja ya marekebisho kwenye muswada wa fedha za ulinzi ili kukata fedha za kukusanya rekodi za simu za kila raia. Ilianguka kwa kura 205 dhidi ya 217. Waliounga mkono walikuwa Warepublican, yaani wa kulia, 94 na Wademokrat, wa kushoto, 111, huku uongozi wa vyama vyote viwili na ikulu vikiwa upande wa pili. Miaka miwili baadaye sheria ilibadilishwa na ukusanyaji ule wa jumla ukakomeshwa. Hoja ya marekebisho ina faida moja: haisubiri kamati. Muswada wa fedha lazima upite kila mwaka, na mwenye hoja anaupanda kama abiria.

Vita vya Yemen, ambavyo Marekani iliisaidia Saudia kuvipigana, vina funzo kubwa zaidi. Sheria ya mwaka 1973 kuhusu madaraka ya vita inampa mbunge yeyote njia ya haraka: azimio la kuondoa majeshi haliwezi kukaliwa na kamati, na katika Seneti linahitaji wingi wa kawaida, wala si zile kura 60 za kuzima hotuba zisizokwisha. Sanders na Mike Lee waliitumia Machi 2018 wakashindwa kwa 55 dhidi ya 44. Oktoba mwandishi Jamal Khashoggi, mkosoaji wa watawala wa Saudia, aliuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudia mjini Istanbul. Desemba azimio lile lile likapita kwa 56 dhidi ya 41. Maandishi hayakubadilika sana, ila wakati ulibadilika, na wao walikuwa na karatasi tayari mkononi.

Sasa sikia lilivyoharibika upande wa pili. Katika Baraza la Wawakilishi, uongozi ulichomeka kifungu cha kuizima njia ile ya haraka ndani ya utaratibu wa kujadili muswada wa kilimo, kikapita kwa 206 dhidi ya 203. Yemen ilizikwa kwenye karatasi za mahindi na soya! Februari 2019, Bunge jipya lilipoanza, azimio likapita huko, lakini wapinzani walikuwa wamependekeza liongezewe maneno ya kulaani chuki dhidi ya Wayahudi. Nani angethubutu kupinga? Nyongeza ilipita kwa 424 bila hata kura moja ya hapana, na kwa kuwa haikuhusiana na mada, azimio likapoteza haki yake ya njia ya haraka lilipofika Seneti. Ikabidi Seneti ipitishe lake upya mwezi Machi kwa 54 dhidi ya 46, na Baraza lilikubali Aprili kwa 247 dhidi ya 175. Trump akapiga kura ya turufu, na jaribio la kuitengua lilipata 53 wakati zilitakiwa theluthi mbili.

Hilo la nyongeza ndilo nataka ulikariri mbele ya kamati. Karatasi yenu ikishakubaliwa, asiongeze mtu hata sentensi moja, iwe nzuri kiasi gani. Kiraka kizuri ndicho kinachoua, kwa sababu mshirika wenu wa upande mmoja hawezi kukikataa na wa upande mwingine hawezi kukimeza.

Upande wa makampuni, mfano uko mlangoni kwenu. Treni ilipoacha reli katika mji mdogo wa East Palestine, huko huko Ohio, tarehe 3 Februari 2023, mabehewa 38 yakaanguka na kemikali zikachomwa makusudi siku tatu baadaye, maseneta wenu Sherrod Brown, Mdemokrat, na Vance walileta muswada wa usalama wa reli kabla mwezi haujaisha vizuri. Ulidai mitambo zaidi ya kupima joto la bearingi za magurudumu, wafanyakazi wawili kwenye kila treni, faini nzito. Mei ulitoka kamatini kwa 16 dhidi ya 11, kisha ukakaa. Ulihitaji kura 60 Seneti, haukuwa na njia ya haraka, na hakuna aliyemlazimisha kiongozi wa walio wengi kuuleta ukumbini. Novemba 2024 Brown alishindwa uchaguzi, Vance akaenda kuwa Makamu wa Rais, na Bunge lile likamalizika muswada ukiwa pale pale. Washirika wawili, jimbo moja, moshi ulioonekana kwenye televisheni nchi nzima, na bado haukupigiwa kura.

Kwa hiyo riba yenu, ikifuata njia ya kawaida, itakufa kifo hicho hicho. Mlango uliobaki ni hati ya kuunyofoa muswada kamatini, inayotumika katika Baraza la Wawakilishi tu. Muswada ukishakaa kamatini siku 30 za vikao, mbunge anaweza kufungua hati. Wakitia saini 218 kati ya 435, uongozi hauwezi tena kuuficha. Saini ni za hadharani, na mtu anaweza kufuta yake mpaka ile ya 218 iingie. Ndiyo maana wanadhimu wa chama huwakimbilia wa mwisho mwisho, si wa kwanza. Ndivyo Massie na Mdemokrat Ro Khanna walivyofanya mwaka 2025 kutaka serikali itoe faili za Epstein, yule tajiri aliyeshtakiwa kwa kuwadhulumu wasichana kingono: walianza mwanzoni mwa Septemba, wakakwama kwenye 217, na saini ya mwisho ikaingia tarehe 12 Novemba siku ile Mdemokrat Adelita Grijalva alipoapishwa, wiki saba baada ya kuchaguliwa. Warepublican waliosaini walikuwa wanne tu. Ilipofika ukumbini wiki iliyofuata, kura zilikuwa 427 kwa 1. Unaona? Wanne walibeba mzigo, mamia wakaja kula karamu.

Na mzigo ni mzito. Marjorie Taylor Greene, mmoja wa wale wanne, alinyimwa uungaji mkono na Trump na kabla Novemba haijaisha akatangaza kuacha ubunge. Watu wa kushoto wasijidanganye kwamba gharama inagawanywa sawa. Anayelipa zaidi ni yule anayeasi chama kilichoshika madaraka. Msimdai pia awe muungwana katika mambo mengine.

Vilevile mshirika anaweza kushuka njiani. Mapema 2025 huyo huyo Luna na Brittany Pettersen wa kushoto walipata saini 218 ili wabunge waliojaliwa watoto wachanga waruhusiwe kuwaachia wenzao wapige kura kwa niaba yao. Spika alijaribu kuizima kwa kifungu cha utaratibu, akashindwa 206 dhidi ya 222, Warepublican tisa wakimgeuka. Siku chache baadaye Luna alikubaliana na Spika jambo dogo zaidi, na Pettersen akabaki na ushindi usio na kitu.

Umeuliza pia kama wanaweza kutawala pamoja. Ugiriki walijaribu. Syriza ya kushoto ilishinda viti 149 kati ya 300 Januari 2015, pungufu ya viwili tu, na asubuhi ya pili ikafunga ndoa ya mkeka na ANEL ya wazalendo wa kulia yenye viti 13. Kilichowaunganisha kilikuwa kupinga masharti ya wakopeshaji. Desemba ile, sheria ya ubia wa wapenzi wa jinsia moja ilipita kwa kura za upinzani, ANEL wakiikataa, na serikali haikuanguka, kwa kuwa kila mmoja alijua mpaka uko wapi. Walidumu miaka minne. Iliyowatenganisha ilikuwa jina la nchi jirani: makubaliano ya Prespa ya kuiita Makedonia Kaskazini, na Januari 2019 Panos Kammenos, kiongozi wa ANEL, akajiuzulu uwaziri wa ulinzi. Kumbuka kwamba hata lile la wakopeshaji, lililowakutanisha, waliliacha mnamo Agosti 2015 waliposaini masharti mapya. Suala la mkate lilipoisha, likabaki la taifa, na taifa hawakulitafsiri sawa.

Fanyeni hivi. Andikeni ukurasa mmoja: kiwango, muda, tarehe ya kuanza. Sababu zisiwemo, mchungaji wa kijijini aitaje riba kwa maandiko, wa chama cha wafanyakazi aitaje faida ya benki, kila mtu nyumbani kwake. Ohio ina wabunge 15, kumi wakiwa Warepublican. Msianze na wote. Tafuteni wawili ambao wapiga kura wao wana madeni na ambao wameshawahi kumkatalia Spika, na kila mmoja aendewe na watu wa jimbo lake, msimpeleke Msomali wa Columbus kwa mbunge wa mashambani bila mwenyeji pembeni. Mwombeni saini ya hati, si ahadi ya kuunga mkono muswada. Ahadi ni rahisi, saini inasomwa na kila mtu.

Nitumie rasimu kabla hamjaipeleka kwa mtu, nami nitaikata. Msalimie Mzee Abdalla, mwambie kahawa yake bado tunaingoja.

Ni mimi rafiki yako,
Idrisa